Mfinyanzi wa Ikombe na Mkondo wa Amali



Juma hili tunapenda kutafakari nanyi juu ya swali linalowasumbua wazazi wengi wa mwambao wetu wa Ziwa Nyasa: je, mtoto akipangiwa mkondo wa amali katika shule ya sekondari, ametupwa? Swali hili limeletwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, ambayo imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Sisi tunajibu kwamba hajatupwa. Atatupwa tu endapo tutampa jina la amali tukamnyima karakana.

Tuanze na lililo karibu. Ng’ambo kidogo ya Matema, chini ya milima ya Livingstone, ipo Ikombe ya Wakisi, ambako akina mama hufinyanga vyungu kwa mikono, wakavichoma mahali pa wazi. Kisha vyungu hivyo hupakiwa mitumbwini na kuletwa gulioni Lyulilo, na kutoka hapo husambaa Kyela, Tukuyu hadi Mbeya. Tumezoea kuviona, na kwa sababu tumevizoea hatuviulizi neno. Kwa nini kitako cha chungu ni cha mviringo? Kwa sababu penye pembe joto hubana mahali pamoja na udongo hupasuka, lakini penye mviringo joto hutawanyika. Tena kitako hicho hukaa imara juu ya mafiga matatu, hata kama ardhi haiko sawa. Kwa nini chungu hukaushwa pole pole kabla ya kuchomwa? Kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo, yakigeuka mvuke kwa ghafula, hukipasua. Yote hayo ni fizikia na kemia, na ndiyo maana halisi ya usanifu: kulitambua hitaji, kuchagua mali ghafi, kujaribu, kukosea, kurekebisha. Mama wa Ikombe anayajua kwa vidole vyake. Mwanawe wa kidato cha pili anaweza kuandika kanuni ya upanuzi wa joto na kupata alama zote, asijue kwamba kanuni hiyo inakaa jikoni kwao.

Si kwamba taifa halikupata kuliona pengo hili. Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Iyunga ya Mbeya zilijipatia sifa. Mapadre na mabruda Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda nao walikwisha kufundisha useremala na uashi miaka mingi kabla ya hapo. Lakini tukumbuke pia kilichoiharibu nia njema: mahali pengi kujitegemea kuligeuka kuwa jembe la adhabu. Aliyechelewa alipelekwa shambani, aliyefaulu akaketi darasani. Mtoto alijifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa. Ikiwa mkondo wa amali nao utakuwa kapu la kuwatilia walioshindwa hesabu, tutakuwa tumerudi pale pale.

Wapo wasemao kwamba ufundi hauhitaji shule, kwa kuwa fundi wa gereji hakupita sekondari. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ng’ambo ya ziwa hili hili, nchini Malawi, kijana William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa vipande vya baiskeli, feni ya trekta na miti. Watu humtaja kama ushahidi kwamba shule haina maana. La hasha! Kijana yule alikwenda maktaba ya shule ya msingi, akasoma kitabu cha sayansi na kuitazama michoro yake kwa makini. Mikono yake ilihitaji kitabu. Na wale waliobaki darasani walikuwa na vitabu pasipo jambo la kutengeneza. Sijui ni nani kati yao aliyestahili kuhurumiwa zaidi.

Basi tunaomba nini? Hatuombi mitambo ya gharama kubwa. Karakana yenye paa lisilovuja (na mvua ya Kyela tunaijua), meza nzito, randa, misumeno, patasi, tupa, vipimo, na mwalimu ambaye mwenyewe amewahi kuvishika. Mwalimu anayechora patasi ubaoni kwa chaki, kwa wanafunzi wasiopata kuiona, hafundishi ufundi, anafundisha kuchora. Tunaomba pia kwamba wafinyanzi wa Ikombe na wachonga mitumbwi waitwe shuleni na kulipwa posho yao kama wakufunzi wengine, wala wasiletwe siku ya sherehe tu kama maonyesho.

Na kazi ya kwanza ipo tayari. Kyela hulima kakao, na punje zake zikishachachushwa hazina budi kukauka vema, la sivyo huota ukungu na bei huanguka. Mvua huja bila hodi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waagizwe kusanifu kichanja cha mianzi chenye kifuniko ambacho mtu mmoja aweza kukifunga kabla matone hayajashika kasi: wakipime, wakichore, wakitengeneze, wakipeleke kwa mkulima, warudi baada ya majuma mawili wamwulize kimeshindwa wapi. Alama zitolewe kwa matengenezo ya mara ya pili.