Mwenye Sura Aulizwe Kwanza

Sisi wa Mnero twauliza jambo moja: mwanamke akipigwa picha, picha ile ni ya nani?

Swali hili si geni kwetu Kusini. Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Maji Maji ukiwa haujatulia, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alitoka Lindi akaenda Masasi na Newala. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti, hata ya sinema. Tena alikuwa na askari. Bibi zetu walisimamishwa mbele ya kamera ile, ndonya mdomoni na chale mwilini, na mwaka 1908 sura zao zikatoka kitabuni huko Ujerumani. Matola wa Chingulungulu twamjua kwa jina. Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi, twamjua. Lakini wanawake wale? Wengi wao wametajwa kwa kabila tu, basi, kama mtu aandikavyo aina ya mti. Nani angekataa mbele ya bunduki? Ndonya ilikuwa pambo la heshima kwa mvaaji; kwa mtazamaji wa Ulaya ikawa kioja.

Je, tuwalaumu Wajerumani peke yao? Hapana. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kupiga vita nguo fupi, mawigi na dawa za kujichubua. Suruali za kubana za wanaume zilitajwa pia, lakini aliyekaguliwa zaidi barabarani ni mwanamke. Mmoja alimtazama ili amwonyeshe, mwingine ili amfunike. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Na leo kamera imo mfukoni mwa kila kijana. Binti ametoka unyagoni, ngoma inalia, mama zake wanamcheza kwa furaha. Kijana asiyealikwa anainua simu, analenga kiuno, na kabla ya jua kuzama picha imefika Dar es Salaam, inachekwa na watu wasioijua hata njia ya Nachingwea. Binti huyu kesho atakwenda shule. Wanaosema "mbona alicheza hadharani" twawajibu: alicheza mbele ya shangazi zake, hakucheza mbele ya dunia.

Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake na kuhifadhiwa maisha yake binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini polisi yu mbali na ngoma i karibu. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, mkutano wa kijiji ukiisha kusema na wilaya ikikubali. Mbuzi akiingia shamba la mtu, mwenye mbuzi hulipa. Basi na iwepo sheria ya picha: asiyeombwa ruhusa asipigwe, mwenye simu akikaidi, alipe, na watakaopanga kiasi cha faini wawe akina mama wenyewe. Twataka jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao, tena lisiwe la mwisho, wakati watu wamekwisha kuanza kwenda nyumbani.