Kujichubua si Kung'ara

Lugha yetu haikuficha ukweli. Mtu akianguka na ngozi ikatoka, twasema amechubuka, na wote humpa pole. Lakini katika saluni za Mwananyamala na Tandika, anayejichubua kwa mkorogo hulipa fedha na kupewa hongera.

Tuchunguze anachokinunua. Daktari wa ngozi huweza kutumia asidi kwa kipimo ili kutibu kovu. Mchanganyaji wa mkorogo hana kipimo. Humo huweza kuwamo haidrokwinoni, steroidi kali, hata zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru mafigo. Na weusi unaokimbiwa ni melanini, kinga ya ngozi dhidi ya jua kali la pwani.

Wako watakaosema: ipigwe marufuku, wakamatwe. Jambo hilo lilijaribiwa. Operesheni Vijana, iliyoanzishwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwezi Januari 1969, ilipiga vita vimini, mawigi na dawa za kujichubua. Wasichana walisumbuliwa barabarani; kasumba iliyowafundisha kwamba weupe ndio uzuri ikabaki salama majumbani.

Sisi twasema: msichana asilaumiwe peke yake. Mchumba asifuye weupe, mwalimu amtaniaye mwanafunzi kwa weusi wake, na mfanyabiashara auzaye sumu, hao nao ni wachubuaji. Sheria na iwabane wauzaji. Lakini sheria haifiki ndani ya ulimi. Huko ni juu yetu wenyewe kuacha kuuita weusi kasoro.