Hana Shela, Lakini Ana Nadhiri

Wapendwa wa kundi letu, na nyinyi wa mashirika, kuna swali linaulizwa ovyo huku kambini: "Yule dada mbona haolewi?"

Tunamsemea mwanamke mlei aliyemwekea Mungu nadhiri halafu akabaki mtaani. Hakai konventi, havai shela. Asubuhi anashona au anauza mitumba, jioni anarudi kwenye chumba cha kupanga. Wengine wanadhani ni mtindo wa juzi. Jameni, Angela Merici alianza na wasichana wa namna hiyo Brescia, Italia, mwaka 1535; walibaki majumbani, hata waliokuwa watumishi wa watu. Kanisa Katoliki lilikuja kuzipa jumuiya za walei wa hivyo sheria yake mwaka 1947, chini ya Papa Pius XII. Lilichelewa!

Sisi tukishuka Kampala tunapita Nakivubo, soko la Owino. Hapo Nakivubo ndipo Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na soko limepewa jina lake. Hakuwa padri, alikuwa mtumishi mkubwa wa ikulu ya Kabaka. Yeye na wenzake tunawajua, wote wanaume. Lakini Munaku, dada yake shahidi Noe Mawaggali, nani anamtaja? Kaka yake aliuawa Mityana mwaka 1886. Yeye akafungwa, akakataa kuacha dini. Padri Lourdel alipomkomboa, akachagua kutoolewa, aishi kwa ajili ya Mungu. Wakati huo Uganda haikuwa hata na shirika moja la masista wazalendo.

Sasa kwetu. Msichana mkimbizi akitaja njia hiyo, nyumbani wanahesabu mahari iliyopotea. Tunawaelewa, njaa ni njaa. Ila mwili wake si mgao wa chakula. Na kama mwingine anashika nadhiri ili akimbie ndoa ya kulazimishwa? Sisi tunasema hata huyo ana haki ya kukimbia.

Kwenye meza ya kuandikisha ndiko anapotea kabisa. Hana mume, hana mtoto, anarukwa. Akisema ana nadhiri, anaambiwa aende kwa masista wake wamlishe. Hawamlishi! Katika njia hii mtu anakula kwa jasho lake, na cherehani ikiharibika hana mama mkuu wa kumpigia simu. Basi mkimwandika, msiishie kwenye "hajaolewa". Muulizeni anakula nini, na kodi ya chumba anailipaje.