Presha ya Ujauzito na Siku Arobaini Zinazosahaulika



Mwezi Februari 2025, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alikabidhiwa jijini Dar es Salaam tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates, kwa kutambua juhudi za nchi yetu katika kupunguza vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa mwaka 2022 ulionesha 104. Katika kipindi hichohicho, kina mama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hii, na tunawashukuru wauguzi, wakunga na waganga ambao jasho lao limo ndani ya tarakimu hizo.

Hata hivyo, wastani wa taifa huchanganya mama anayeishi hatua chache kutoka hospitali ya rufaa na mama anayeishi katika milima ya Wotta au bonde la Lumuma. Ukiitazama habari hii njema ukiwa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, swali linakuwa jingine: je, vifo vinavyobaki vinabaki wapi, na kwa sababu gani? Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa uchambuzi unaoonesha kwamba kutokwa damu nyingi ndiko kunakoongoza, na kwamba shinikizo la damu la ujauzito, pamoja na kifafa cha mimba, husababisha takriban asilimia 16 ya vifo vya uzazi duniani. Hayo ni maisha ya kina mama wapatao 50,000 kila mwaka. Ni juu ya ugonjwa huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi, wapendwa wasomaji, kwa kuwa unapima kwa namna ya pekee uimara wa huduma zetu na ukweli wa upendo wetu.

Ugonjwa usiopiga hodi

Damu ikitoka, kila mtu huiona na kukimbia kutafuta msaada. Presha haina ishara ya namna hiyo. Mama anaweza kulima, kuchota maji na kuimba kwaya huku shinikizo lake likiwa limefika 140 kwa 90, kiwango ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa ni presha ya juu, au hata 160 kwa 110, kiwango cha hatari kubwa. Njia pekee ya kuijua ni kuipima, na kuipima tena na tena. Ndiyo maana mahudhurio ya kliniki yanayopendekezwa kwa mjamzito ni manane, na inafaa ya kwanza yawe kabla ya miezi mitatu kwisha. Kipimo cha mwanzo ndicho kinachomwezesha mkunga kutambua, baada ya wiki ya 20, kwamba jambo jipya limeingia. Pamoja na mkanda wa presha, mkojo hupimwa ili kuona kama una protini, dalili kwamba figo zimeanza kuathirika.

Chanzo cha tatizo hili kinahusiana na kondo la nyuma lisilojijenga vizuri katika mji wa mimba. Kwa hiyo si haki kumlaumu mama kwamba amekula chumvi au magadi mengi katika mlenda wake. Wanaohitaji uangalizi wa karibu zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, wenye umri mkubwa, wenye kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya zamani, na waliowahi kupatwa na hali hii katika uzazi uliopita. Kwa baadhi yao mganga huagiza aspirini ya kiwango kidogo tangu mapema. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa, si ya kujinunulia. Naye aliyekuwa akitumia dawa za presha kabla ya kushika mimba aseme hivyo siku ya kwanza ya kliniki, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto na hubadilishwa.

Zipo dalili ambazo kila familia inapaswa kuzijua: kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, na kuhema kwa shida. Mojawapo ikitokea, haingojwi tarehe ya kliniki.

Jina linalopotosha

Hali hiyo ikizidi, mama hupoteza fahamu na kutikisika mwili mzima. Kwa Kiswahili tunaiita kifafa cha mimba, na jina hilo lenyewe limeleta madhara. Wapo wanaposikia neno kifafa hufikiri mashetani, laana ya ukoo au uchawi, na saa zenye thamani kubwa hupita kwa mganga wa kienyeji au katika kikundi cha maombezi. Hapa tunapaswa kusema wazi, sisi tulio wachungaji: sala haikupewa kwetu ili ichukue nafasi ya gari la wagonjwa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinafundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na katika sura hiyohiyo kinamwagiza mgonjwa asali. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kuyatenganisha. Padre akiitwa, aje na mafuta ya Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Lakini safari ya hospitali isimsubiri.

Mama akishikwa na degedege hilo, alazwe kwa ubavu wa kushoto, asitiwe kitu chochote mdomoni, asifungwe kamba wala kukandamizwa, na usafiri utafutwe mara moja. Dawa yake inajulikana: sindano ya magneziamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha kina mama wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa hicho kwa mama mwenye dalili za awali. Ni dawa ya bei nafuu na ya miaka mingi. Mama anayekufa leo kwa kuikosa hafi kwa sababu elimu ya tiba imeshindwa. Anakufa kwa sababu familia ilichelewa kuamua, au njia ilichelewesha safari, au kituo kilichelewa kutoa huduma.

Kuhusu njia, hatua imepigwa. Mwezi Aprili 2022 ulizinduliwa kitaifa, hapa Dodoma, mfumo wa M-Mama: ukipiga simu ya bure namba 115, mama mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyekubaliwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Lakini kati ya Desemba na Aprili, makorongo yanapojaa, hata dereva mwenye moyo hukwama. Kwa hiyo mama aliyekwisha kuambiwa kwamba presha yake si nzuri asingoje uchungu umkute nyumbani. Asogee mapema karibu na hospitali, na familia ijiandae kwa gharama za kukaa huko.

Swali la dhamiri

Mara nyingine waganga husema: mtoto atolewe sasa, kabla ya miezi tisa. Baadhi ya waamini huhofu kwamba kukubali ni dhambi. Tuwaondolee hofu. Kanisa hukataa daima kumuua mtoto kwa makusudi tumboni mwa mama yake. Kuharakisha uzazi kwa sababu nzito, mtoto akiwa amefikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, ni jambo la namna nyingine kabisa: ni kutafuta uhai wa wawili, kwa kuwa ugonjwa huu hauanzi kuondoka mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke.

Baada ya hongera

Tumesema hauanzi kuondoka; hatukusema umekwisha. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtoto akilia, hongera zinamiminika, uji unapikwa, na macho yote yanamgeukia mtoto. Wakati huo presha ya mama inaweza kupanda tena, hasa kati ya siku ya tatu na ya sita, yaani siku ambazo wengi wamekwisha kurudi nyumbani. Kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua, mara nyingi ndani ya saa 48, na wakati mwingine baada ya siku nyingi zaidi. Desturi yetu ya arobaini, inayompa mzazi mapumziko, ni hekima ya wazee; tuikamilishe kwa kumpeleka mama akapimwe ndani yake, siyo mtoto peke yake apelekwe chanjo. Dawa alizoandikiwa asiziache kwa hofu ya kuharibu maziwa, kwa kuwa zipo dawa za presha zinazomfaa anayenyonyesha. Wiki sita zikipita presha ikiwa bado juu, ni ugonjwa wa kuendelea kutibiwa. Hata ikishuka, mama huyo apime kila mwaka, kwani waliowahi kupata dalili za kifafa cha mimba wana hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo na kiharusi katika miaka ya mbele.

Mtakatifu Luka anatusimulia kwamba Bikira Maria alipanda nchi ya milima, akakaa kwa Elizabeti, mjamzito mwenye umri mkubwa, yapata miezi mitatu. Hakumpelekea salamu tu. Huo ndio mfano kwa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo. Tunapendekeza kila jumuiya iwajue wajawazito wake kwa majina na itenge mfuko mdogo wa dharura. WAWATA wachague mama mmoja wa kumtembelea kila mzazi katika wiki ya kwanza, amwulize juu ya kichwa, macho na dawa zake. Kina baba wawasindikize wake zao kliniki, na waamue mapema nani ataruhusu safari baba asipokuwepo. Parokia ziulize kwa heshima, pale mikutano ya kijiji inapoketi, kama zahanati ina kipima presha kinachofanya kazi na kama sindano ile ipo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na jamii isiyouliza huficha maradhi ya wengine.

Kutoka 556 hadi 104 ni safari kubwa. Sehemu iliyobaki inapita katika vijiji vyetu, na huko hakuna atakayeitembea kwa niaba yetu.

Bikira Maria, uliyemtumikia Elizabeti, uwaombee kina mama wote.