Ufundi wa Kompyuta: Vijana Wetu Wasibaki Barazani

Ndugu Waislamu, vijana wetu wengi waliomaliza kidato cha nne wanashinda barazani wakingojea kazi za ofisini. Tunawakumbusha kuwa cheti cha CompTIA A+, kilichoanza mwaka 1993, hakidai shahada. Kina mitihani 2, kila mmoja wa dakika 90, na huhuishwa kila baada ya miaka 3. Mwenye nacho aweza kuombea kazi ya fundi wa kompyuta au msaidizi wa watumiaji maofisini. Ada yake ni nzito. Basi kamati za misikiti zimlipie kijana mwenye bidii kabla hajakimbilia mkopo wa riba. Naye akumbuke: kompyuta ya mteja ni amana, na siri zilizomo ni amana kubwa zaidi. Wabillahi tawfiq.