Msiwalishe Watu Maneno

Nilifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kukabidhiwa uongozi wa shule, na hata baada ya kukabidhiwa sikuiacha chaki. Katika miaka hiyo yote sikuona jambo lililomwagiwa wino mwekundu bure kama alama za kunukuu. Mwalimu huinama juu ya daftari la mtoto, akaiona nukta iko nje ya alama badala ya ndani, akaizungushia duara na kumkata maksi. Kisha ukurasa wa pili mtoto huyohuyo anamnukuu babu yake kwa maneno ambayo babu hakuyasema, na mwalimu anapita kimya. Leo nimestaafu, sina mkaguzi wa kumwogopa, nami nasema wazi: somo hili tumelifundisha kichwa chini miguu juu.

Tuanze na lile ambalo kila mwalimu wa darasa la sita analijua, kwamba Kiingereza, kama Kiswahili, kina usemi halisi na usemi wa taarifa. Nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni maneno haya saba: The headmaster said the pupil was lying. Hapo mwongo ni mwanafunzi. Kisha nikayaandika tena kwa mpangilio uleule, bila kuongeza wala kupunguza neno, nikatia alama tu: "The headmaster," said the pupil, "was lying." Mwongo sasa ni mwalimu mkuu. Darasa lilicheka sana, hasa kwa kuwa mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeshika chaki. Lakini kicheko hicho kilikuwa na somo ndani yake. Vidudu vile vidogo vinavyoning'inia juu ya mstari vimebadilisha mshtakiwa na mshtaki.

Kanuni zenyewe si nyingi. Maneno halisi ya msemaji hufungiwa ndani ya alama. Neno la kwanza la sentensi yake hupata herufi kubwa hata likiwa katikati ya sentensi yako wewe, kwa sababu hapo ndipo yeye anapoanza kusema. Ukimkatiza ili umtaje, kama nilivyofanya ubaoni, neno was hubaki na herufi ndogo, maana sentensi yake haijaisha, umempumzisha tu. Lakini akimaliza sentensi moja na kuanza nyingine, nukta hutiwa baada ya kumtaja na herufi kubwa hurudi: "I am tired," said Juma. "Let us go home."

Kiulizi ndicho kinachowatega wengi. Tunaandika: "Where is the key?" asked my mother. Neno asked lina herufi ndogo, kwa kuwa swali ni la mama nalo limekwisha, lakini sentensi ya mwandishi bado inaendelea. Watoto wa siku hizi hukosea hapa kwa sababu ambayo sisi hatukuwa nayo. Simu ya mkononi hukiona kiulizi, ikadhani mambo yamekwisha, ikawatilia herufi kubwa ambayo hawakuiomba. Mashine haijui nani anasema. Mtoto hana budi kujua. Tena, kila msemaji mpya hupewa aya yake. Na msemaji mmoja akizungumza aya kadhaa mfululizo, alama hufunguliwa mwanzoni mwa kila aya, lakini hufungwa mara moja tu, mwishoni mwa aya ya mwisho.

Zitazame kanuni hizo zote, msomaji mpenzi, utaona zinajibu swali moja tu: maneno haya ni ya nani? Sikumbuki kitabu cha darasani kilichoanza kwa swali hilo. Vingi huanza na koma.

Na vita vya koma ni vya watu wa mbali. Ukiandika kwamba mjomba wako huliita gari lake "the old goat" na sentensi ikaishia hapo, Mmarekani ataitia nukta ndani ya alama, maana kwao nukta na koma huingia ndani daima. Mwingereza ataiweka nje, maana kwao hutazamwa kama nukta ni ya msemaji au ya mwandishi. Ndugu wawili wa ukoo wa Fowler waliitetea njia hiyo ya kufuata maana katika kitabu chao The King's English, kilichotoka mwaka 1906. Mwaka huohuo ilitoka chapa ya kwanza ya mwongozo wa Chicago, ambao umekuwa tegemeo la wachapishaji wengi wa Marekani. Vitabu vingi vya Uingereza hutumia alama moja moja nje na mbili mbili ndani. Vya Marekani hufanya kinyume. Kuhusu koma inayotangulia said, kama ile ya Juma hapo juu, pande zote mbili huiweka ndani.

Kwa hiyo mtoto wetu, anayesoma gazeti lililochapishwa hapa, riwaya kutoka London na kitabu cha hadithi kutoka New York, atawaona wakubwa wakitofautiana, kisha atakatwa maksi kwa kumfuata mmojawao. Huo si ualimu. Mfundisheni achague njia moja na asiiache hadi mwisho wa insha. Basi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma. Ilikuwa miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Magunia mawili ya mahindi ya chakula cha mchana yalipotea stoo. Mwalimu wa zamu alimhoji kiranja mmoja wa darasa la saba, kwa Kiswahili, kisha akaiandikia kamati ya shule ripoti ya Kiingereza. Katikati ya ripoti mlikuwa na sentensi hii: The boy said, "I opened the store." Koma ilikuwa mahali pake, herufi kubwa mahali pake, nukta ndani. Ingekuwa insha, ningempa kumi juu ya kumi. Nikatia sahihi. Kamati iliyasoma maneno yale kama ungamo, na kijana akarudishwa nyumbani.

Baada ya wiki tatu nyanya yake alikuja ofisini. Jirani alikuwa amemsomea nakala ya ripoti.

"Mwalimu," akaniuliza, "mjukuu wangu alikuambia haya lini?"

"Mama, hakuniambia mimi. Alimwambia mwalimu wa zamu."

"Kwa Kiingereza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwita mwalimu, nikamtaka anitajie maneno ya kijana kama yalivyotoka kinywani mwake. Alifikiri kwa muda, kisha akasema kijana alijibu, "Ufunguo ulikuwa kwangu." Naam, ufunguo ulikuwa kwake, sisi wenyewe ndio tuliomkabidhi, kwa kuwa alikuwa kiranja. Kuwa na ufunguo si kufungua. Mwalimu hakukusudia uongo. Alisikia jambo moja, akaelewa jingine, na lile aliloelewa akalifungia ndani ya alama zinazosema: haya ni maneno yake mwenyewe.

Kijana alirudi darasani, wiki tatu za mwaka wa mtihani zikiwa zimekwenda na maji. Nilimwomba radhi ofisini, mlango umefungwa, ilhali aliaibishwa hadharani. Hilo nalo ni kosa langu, na sahihi iliyo chini ya ripoti ile ni yangu.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Watasema watu waliandika karne nyingi bila alama hizi, na ni kweli. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 haina alama za kunukuu. Koma na herufi kubwa ndizo zinazoonyesha kwamba mtu ameanza kusema. Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952 hufuata njia hiyohiyo. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa wala ndogo. James Joyce alitumia kistari mahali pa alama hizo. Lakini wote hao walikuwa na njia iliyojulikana ya kumtenga msemaji, na msomaji wao aliifahamu. Leo njia tuliyokubaliana katika Kiingereza ni alama za kunukuu. Anayezitumia ametoa ushahidi, awe amekusudia au hakukusudia.

Nawasihi basi walimu wenzangu mlioko darasani. Mpeni mtoto zoezi hili kabla ya zoezi la koma: amsikilize mwenzake akisema kwa dakika moja, kisha aandike ndani ya alama yale tu anayoweza kuyaapia. Mengine yote ayaweke katika usemi wa taarifa, bila alama. Na mtu akisema kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, mwandishi wa Kiingereza na aeleze kwamba ametafsiri, au ayaache maneno kama yalivyosemwa na kutoa maana yake kando.

Mkimaliza hayo, na mkiona bado wino mwekundu umebaki kalamuni, basi izungushieni duara ile koma.