Mashine Isiyo na Kisu
Sisi akina mama tuliozoea kukaa duara na visu tukimenya viazi vya harusi, huenda tukadhani mashine za kumenyea za hoteli na shule zina visu. Nyingi hazina! Chini ya pipa huzunguka sahani inayokwaruza kama msasa. Viazi hurushwa ukutani, hugeukageuka, na maji huchukua maganda. Macho tutayatoa wenyewe. Hatari ni kuisahau: ganda likiisha, mashine huendelea kula kiazi chenyewe. Viwanda vikubwa hutumia mvuke uliobanwa. Ukiachiwa ghafla, ganda hubanduka, kiazi kikabaki karibu chote. Sisi tuchague viazi vya mviringo, maana chenye mabonde hukonda kabla bonde halijamenyeka, na tusiondoke karibu na swichi.